Rimoti ya Mama

Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu kidogo kinacholala juu ya meza ya sebuleni kwako, pengine kimevikwa nailoni kisiingie vumbi, pengine kimefungwa kwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea zamani. Nazungumzia rimoti. Hasa rimoti ya kupanga, ile moja inayouzwa madukani kwa ahadi kwamba ukiwa nayo utaziweka kando nyingine zote.

Nianzie nyumbani kwetu. Mama yangu anaishi Tanga, ana umri wa miaka 74. Sebuleni kwake kuna TV ya ukutani, kuna king'amuzi, na kuna sabufa ambayo kaka yangu alimnunulia kwa sababu masikio ya mama yamepungua nguvu, na spika za hizi TV nyembamba sauti yake ni hafifu. Vyombo vitatu, rimoti tatu. Mjukuu aliyekuwa akiishi naye alizijua zote kwa kuzigusa tu, hata gizani. Mwezi wa kwanza mjukuu akaenda shule ya bweni.

Siku chache baadaye nilimpigia mama simu saa mbili na robo usiku. Ni saa ambayo kwa kawaida hatumpigii, maana tangu tukiwa wadogo hiyo ni saa yake ya taarifa ya habari na hataki mtu azungumze. Akapokea mara moja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na nyuma yake kulikuwa kimya kabisa. Nikamuuliza, mama, leo hutazami habari? Akasema, "TV imeharibika tangu juzi, mwanangu. Imeandika maneno ya Kizungu, basi, bluu tupu."

TV haikuwa mbovu. Mama alishika rimoti ya TV akidhani ameshika ya king'amuzi, akabonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, na TV ikahama kutoka kwenye tundu la king'amuzi ikaenda kwenye tundu lisilo na kitu. Kitufe kimoja tu. Kwa siku tatu alikaa mbele ya kioo cha bluu, asitake kumsumbua mtu kwa jambo aliloliona dogo. Liliniuma sana hilo. Nikaanza kutafuta rimoti moja itakayomfaa, na katika kutafuta nikajifunza mengi ambayo naona ni vyema nikushirikishe.

Jambo kubwa nililoligundua ni hili, na nitalirudia: rimoti ya kupanga usiipime kwa mikono yako wewe uliyeinunua na kuipanga. Ipime kwa mikono ya yule atakayebaki nayo nyumbani wewe ukiwa kazini.

Kitu hiki kina historia yake. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti ya TV iliyounganishwa kwa waya mrefu uliopita katikati ya sebule, na watu wakawa wanajikwaa. Mwaka 1955 mhandisi wa kampuni hiyohiyo, Eugene Polley, akatengeneza rimoti isiyo na waya iliyokuwa kama tochi: unamulika pembe moja ya TV kati ya nne, nayo inatii. Tatizo likawa jua. Mwanga wa jua ukiingia dirishani na kuipiga pembe ile, TV inabadili stesheni yenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake, Robert Adler, akaleta rimoti iliyofanya kazi kwa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu haliisikii: ndani yake mlikuwa na vijiti vya alumini vilivyogongwa na nyundo ndogo kila ulipobonyeza kitufe, na haikuhitaji betri hata moja. Mfumo huo wa sauti ulidumu zaidi ya miaka 20 kabla ya mwanga usioonekana, wa infraredi, kuchukua nafasi.

Baada ya hapo kila chombo kikaja na rimoti yake, na meza zikajaa. Steve Wozniak, yule mwanzilishi mwenza wa Apple, alipoondoka kwenye shughuli za kila siku za kampuni hiyo mwaka 1985 alianzisha kampuni nyingine, CL 9, na mwaka 1987 ikatoa rimoti iitwayo CORE, iliyoweza kujifunza amri za rimoti nyingine. Wazo lilikuwa zuri sana, lakini kuipanga kulimhitaji mtu mwenye akili ya fundi wa kompyuta, na soko halikuikumbatia. Kwa hiyo tatizo la mama yangu si la Tanga wala si la uzee. Lilikuwapo tangu siku ya kwanza: aliyetengeneza alijitengenezea mwenyewe.

Kwetu Tanzania mzigo uliongezeka rasmi usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Kabla ya hapo nyumba nyingi zilikuwa na TV na antena, rimoti moja basi. Baada ya hapo king'amuzi kikawa lazima, na king'amuzi kina rimoti yake. Kisha zikaja sabufa, vikaja viboksi vya Android. Hesabu wewe mwenyewe za kwako.

Sasa tuingie ndani kidogo, kwa sababu ukijua rimoti inavyofanya kazi muuzaji hawezi kukubabaisha. Pale puani mwa rimoti pana taa ndogo. Ukibonyeza kitufe, taa hiyo inatoa mwanga ambao jicho halioni, ukipepesa kwa kasi ya mara 38,000 hivi kwa sekunde katika vyombo vingi. Mwanga huo unakatwakatwa kwa mpangilio maalumu, na mpangilio ndio msimbo, au kodi kama mafundi wanavyosema. Ndani ya msimbo mna mambo mawili: mimi nazungumza na chombo fulani, na amri yangu ni hii. Ukitaka kujua kama rimoti yako ni nzima, fungua kamera ya simu, hasa ile ya mbele, elekeza pua ya rimoti kwenye kamera, bonyeza. Utaona taa inamemeta kwenye kioo cha simu ingawa kwa macho huoni kitu.

Rimoti ya kupanga inapata misimbo kwa njia mbili. Ya kwanza, imekuja nayo kiwandani: unaambiwa ushikilie kitufe fulani, uandike namba ya chapa ya TV yako, au uiache itafute yenyewe hadi TV izime. Ya pili ni kujifunza: unaziweka rimoti mbili zitazamane pua kwa pua, umbali wa vidole viwili hivi, unabonyeza kitufe kwenye ile ya zamani, na mpya inakinakili. Kwa mazingira yetu hii njia ya pili ndiyo yenye uamuzi. TV ya chapa kubwa utaikuta kwenye orodha ya kiwandani, hiyo haina shida. Lakini sabufa ya mama ina jina ambalo sijaliona popote isipokuwa kwenye boksi lake. Hakuna orodha itakayokuwa nalo. Zipo rimoti nyingi za bei ndogo zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa kila kitu, kumbe zinafaa kwa TV peke yake, tena za chapa zilizomo kwenye orodha. Kwa hiyo ukifika dukani, swali la kwanza ni hili: inajifunza? Kama haijifunzi, irudishe kaunta.

Na usikubali jibu la mdomo. Nenda na rimoti yako mojawapo kutoka nyumbani, ya sabufa ikiwezekana. Mwombe muuzaji aifundishe ile mpya vitufe viwili vitatu hapohapo. Halafu toa betri, zungumzeni mambo mengine dakika tano, rudisha betri, ujaribu tena. Zipo rimoti zinazosahau kila kitu betri zikitoka. Ukimnunulia mzee rimoti ya namna hiyo umemwachia kazi ya kukupigia simu kila betri zikiisha. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Mimi nilikwenda Kariakoo na rimoti ya sabufa mfukoni, na katika rimoti nne nilizojaribu, mbili zilisahau.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nikanunua, nikapanda basi hadi Tanga, nikaketi sebuleni kwa mama nikaipanga. Rimoti ile ilikuwa na kitufe kinachoweza kutoa amri kadhaa mfululizo. Nikapanga hivi: mama akibonyeza mara moja, TV iwake, king'amuzi kiwake, sabufa iwake. Ikafanya kazi vizuri kabisa. Mama akafurahi, mimi nikafurahi zaidi. Jioni ile umeme ukakatika, ukarudi baada ya saa moja.

Msikilizaji, hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanaponunua rimoti nzuri wakaishia kuitupa kwenye droo. Umeme uliporudi, king'amuzi kilijiwasha chenyewe, kama ving'amuzi vingi vinavyofanya. TV ikabaki imelala. Mama akabonyeza kitufe chake kimoja. TV ikawaka, na king'amuzi kikazima. Akabonyeza tena. King'amuzi kikawaka, TV ikazima. Angeweza kubonyeza mpaka asubuhi.

Sababu ni kwamba vyombo vingi vina kitufe kimoja cha umeme kinachofanya kazi mbili: kikikuta chombo kimezimwa kinawasha, kikikuta kimewashwa kinazima. Rimoti haina macho. Haijui chombo kiko katika hali gani, inatupa amri tu. Vyombo vyote vikianza pamoja vikiwa vimezimwa, mambo yanakwenda sawa. Kimoja kikitangulia, basi vimepishana, na vitaendelea kupishana hadi mtu anyanyuke akasawazishe kwa mkono. Katika nchi ambazo umeme haukatiki tatizo hili hutokea mara mojamoja. Kwetu ni jambo la kila wiki.

Dawa ipo. Baadhi ya vyombo vina misimbo miwili iliyotengana, mmoja wa kuwasha tu na mwingine wa kuzima tu, ingawa kwenye rimoti yake ya asili huoni vitufe hivyo. Rimoti nzuri za kupanga huwa na misimbo hiyo kwenye hazina yao, kwa chapa kubwa. Kwa chombo kisicho nayo, jaribu kukiamsha kwa kitufe kingine: baadhi ya TV na ving'amuzi vikiwa vimelala huamka ukibonyeza namba ya stesheni, na vikiwa macho namba hiyo haivizimi. Ukikigundua kitufe cha namna hiyo, kiweke hicho kwenye mfululizo badala ya kitufe cha umeme. Na ukishindwa kabisa, fanya nilivyofanya mimi kwa king'amuzi cha mama: kiondoe kwenye mfululizo, kiache kiwake muda wote. Kinakula umeme kidogo, silikatai hilo. Lakini mama anapata habari zake.

Jambo la pili nililolifanya Tanga lilikuwa la sauti. Rimoti nyingi za kupanga zinakutaka ubonyeze kwanza kitufe cha TV ndipo vitufe vifanye kazi ya TV, ubonyeze cha king'amuzi ndipo vifanye kazi ya king'amuzi. Kwa mzee hilo ni kumrudishia rimoti tatu katika mwili mmoja. Tafuta rimoti inayokuruhusu kuamua kwamba vitufe vya sauti, kwa hali yoyote ile, vinakwenda kwenye sabufa, na namba zinakwenda kwenye king'amuzi. Kama haina njia ya kufunga sauti hivyo, basi ifundishe: chini ya hali moja tu, ya king'amuzi, fundisha vitufe vya sauti kutoka rimoti ya sabufa na kitufe cha umeme kutoka rimoti ya TV. Mama hagusi hali nyingine. Kwake ni rimoti moja kweli. Kile kitufe cha kubadili chanzo sikukifundisha kitu. Akikibonyeza leo, hakuna linalotokea.

Kabla hujatoa pesa, hata hivyo, jaribu kwanza kitu ambacho pengine unacho tayari. Kama king'amuzi chako kimeunganishwa na TV kwa waya wa HDMI, waya huo unaweza kupitisha amri pia, siyo picha na sauti tu. Samsung wanauita mfumo huo Anynet+, LG wanauita Simplink, Sony wanauita Bravia Sync. Ni kitu kilekile. Ingia kwenye mipangilio ya TV, uuwashe, kisha ujaribu kama rimoti ya TV inakiendesha king'amuzi. Vipo vinavyokubali na vipo visivyokubali. Lakini kama umeunganisha kwa zile waya za rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, usihangaike, hazina uwezo huo. Vilevile baadhi ya simu, hasa za Xiaomi, zina taa ya infraredi juu yake na zinaweza kuwa rimoti. Zinafaa kwa dharura. Kwa matumizi ya kila siku mimi sizipendi, kwa sababu simu ikitoka na mwenyewe, nyumba imebaki bila rimoti.

Kuna mipaka pia, nisikufiche. Vijiti vya kuchomeka nyuma ya TV kama Fire TV Stick havitumii mwanga, vinatumia bluetooth, na rimoti ya kawaida ya kujifunza haiwezi kufundishwa kuviendesha. Rimoti za TV za kisasa zenye kipaza sauti nazo ziko hivyo kwa sehemu: kitufe cha umeme ni mwanga, vingine ni bluetooth. Njia ya kujua ni rahisi. Nenda chumba cha pili, ukuta ukiwa katikati, ubonyeze. Chombo kikitii, basi hicho hakitumii mwanga, maana mwanga haupiti ukutani. Na kiyoyozi usikihesabu. Rimoti ya kiyoyozi kila ukibonyeza inatuma taarifa yote kwa pamoja, nyuzijoto, kasi ya feni, kila kitu, na ujumbe huo ni mrefu kuliko rimoti nyingi za kujifunza zinavyoweza kubeba. Kiyoyozi kina rimoti mbadala za aina yake, zinauzwa kivyake.

Wapo watakaokushauri uchukue zile za kisasa kabisa zinazopangwa kwa simu na kutunzwa kwenye intaneti. Ni nzuri, nimezishika, na mtu mwenye vyombo vinane na mtandao wa uhakika zinaweza kumfaa. Ila jua kwamba unaponunua rimoti ya namna hiyo unanunua pia ahadi ya kampuni. Logitech ndio waliokuwa na jina kubwa kuliko wote katika biashara hii, kwa rimoti zao za Harmony. Mwishoni mwa mwaka 2017 walitangaza kwamba kifaa chao kimoja, Harmony Link, kingeacha kufanya kazi Machi 2018 hata kama ni kizima mikononi mwa mteja. Wateja wakapaza sauti, kampuni ikakubali kuwapa kifaa kipya bure. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba imeacha kabisa kutengeneza rimoti za Harmony. Rimoti inayobeba misimbo yake tumboni haina ugonjwa huo. Mtengenezaji akifunga kiwanda leo, kesho bado inawasha TV.

Kuhusu umbo, chagua vitufe vya kubonyeza, siyo kioo cha kugusa. Kidole cha mzee kinahitaji kuhisi kitufe kikizama. Angalia kama namba 5 ina kinundu, ndicho kinachomwongoza mtu asiyeona vizuri au aliyekaa gizani. Vitufe viwe vichache, vikubwa, na maandishi yasiwe ya rangi itakayofutika baada ya miezi mitatu ya kidole gumba. Nunua betri za alkalaini, kwa sababu zile za bei ya chini kabisa zikikaa muda mrefu hutoa maji na kula chemchemi za ndani, na rimoti nyingi zinazopelekwa kwa fundi zimekufa kwa hilo tu.

Nilipomaliza kuipanga ile ya mama sikumwonyesha jinsi ya kuitumia. Nilimpa mkononi, nikatoka nje, nikakaa barazani. Nikasikia TV inawaka. Nikasikia sauti inapanda, inashuka kidogo, inatulia. Kisha nikasikia wimbo wa kufungua taarifa ya habari, na mama akaniita ndani, akanionyesha kwa kidole kiti cha kukaa, bila kusema neno, maana habari zilikuwa zimeshaanza.

Rimoti zake tatu za zamani hatukuzitupa. Tulizitoa betri, tukabandika plasta juu ya kila moja na kuandika jina la chombo chake, tukaziweka ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Nakusihi nawe ufanye hivyo leo, kabla hujaenda dukani. Rimoti mpya hujifunza kutoka kwa ile ya zamani, na ikianguka na kufa, itakayoletwa badala yake itahitaji mwalimu yuleyule.